Kuchagua banda la kuku wa uani: anza na sakafu, paa litafuata

Banda langu la kwanza lilikuwa zuri kuliko yote niliyojenga baadaye, na ndilo pekee lililoniulia kuku. Nililitoa kwenye picha: kijumba cha mbao kilichopakwa rangi, ngazi ndogo mbele, dirisha moja lenye ukubwa wa bahasha. Nikaweka mitetea kumi na minne. Ilipofika Februari, Kibaha ikiwa kama tanuri, nilirudi nyumbani saa nane mchana nikawakuta wamejibwaga chini, mbawa wamezitanua, midomo wazi, wanahema. Wanne hawakufika jioni. Kuku hatoki jasho. Joto likizidi, kimbilio lake ni kuhema na kutafuta upepo, na upepo mle ndani haukuwemo. Lile banda lilichorwa kwa ajili ya nchi ya theluji, nami ndiye niliyelileta pwani.

Hata wasingekufa, sikuwa na namna ya kulisafisha. Mlango ulipitisha mkono na bega, basi. Mavi ya kona za mbali nilikuwa nikiyavuta kwa kijiti.

Tangu hapo mtu akiniuliza ajenge banda la namna gani, swali langu la kwanza ni hili: mavi yataenda wapi? Kuku mkubwa hutoa mavi mabichi ya gramu 100 hivi kwa siku, mara nyingine zaidi. Kuku ishirini ni kilo mbili kila siku, kilo sitini kwa mwezi. Yaani kila mwezi unapokea bandani mzigo wenye uzito wa mtu mzima, mbichi, unaonuka na kuita nzi. Paa, rangi, kuta na urembo vyote vinakuja baada ya kuamua mzigo huo utaanguka juu ya nini na utatolewa na nani. Ndiyo maana nasema chagua sakafu kwanza.

Haya ninayoeleza ni kwa mtu mwenye kuku kumi hadi thelathini uani kwake, wa kienyeji, chotara au wa mayai. Mfano ninaoutumia ni wa pwani, kwa kuwa ndiko ninakofugia. Penye tofauti kubwa na mikoa ya baridi nitasema.

Hatua ya 1: Hesabu kuku wa mwakani

Usihesabu kuku ulionao leo. Mwenye mitetea kumi na jogoo mmoja wa kienyeji, wakianza kuatamia, baada ya miezi sita ana kundi jingine kabisa. Amua ukomo wako sasa hivi, halafu jengea ukomo huo.

Kwa kuku wakubwa wanaolala na kushinda ndani, weka watano kwenye kila mita ya mraba. Wakiwa na uwanja wa kutokea mchana, sita au saba wanaweza kulala kwenye eneo hilo bila kugombana. Usikubali hesabu za kumi kwa mita moja. Hizo ni za broila anayeuzwa kabla hajatimiza miezi miwili. Kuku wa mayai akibanwa hivyo kwa mwaka mzima ataanza kudonoa wenzake manyoya, kisha ngozi, na wakishaonja damu kuwazuia ni kazi.

Vifaranga usiwaingize kwenye hesabu hii. Wanataka chumba chao chenye joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, likishuka taratibu kila wiki, na banda la wakubwa haliwafai.

Hatua ya 2: Usome uwanja kabla ya kumwita fundi

Subiri mvua kubwa moja inyeshe, uvae buti, utoke nje. Angalia maji yanapita wapi na yanasimama wapi. Kazi hiyo ya dakika ishirini itakuokoa kuliko mfuko wowote wa simenti. Pale maji yanaposimama hata nusu saa, usijenge banda la chini.

Kisha jua. Kwetu pwani, kwenye latitudo ya karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana mwezi Juni husimama upande wa kaskazini, na Desemba upande wa kusini, ila nyakati zote mbili linakuwa juu na paa lenye ukingo mpana linalizuia. Jua la kero ni la asubuhi na la alasiri, linalokuja chini chini kutoka mashariki na magharibi. Kwa hiyo banda lilale mashariki kwa magharibi: pande fupi zielekee jua linakochomoza na linakozama, na zizibwe, pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, na ziwe wazi kwa wavu.

Upepo nao una majira yake. Masika inapoanza, kusi inaingia, na mvua zake hupiga kwa ubavu kutoka kusini-mashariki. Ubavu wa kusini wa banda ndio utakaolowa, kwa hiyo upe ukuta mrefu zaidi na upande wa paa ulioshuka. Kwa wenzetu wa Njombe, Makete au Mbeya ya juu, hesabu ni nyingine: Juni na Julai usiku ni baridi kali, hivyo ziba kabisa upande upepo unakotoka, acha matundu ya kupumulia juu karibu na paa, na usijenge sakafu ya chaga, yaani ya fito zilizoachiana mianya, bila kuikinga upepo wa chini.

Halafu majirani. Angalia dirisha la chumba chao cha kulala liko wapi, na upepo wa jioni unapeleka harufu upande gani. Mijini halmashauri zina sheria ndogo za mifugo, kwa hiyo pita kwa afisa mifugo wa kata uulize kabla ya kuchimba msingi. Na mlango wa banda uuone kutoka dirisha la chumba unacholala wewe. Kwa vibaka, hilo linasaidia kuliko mbwa mvivu.

Mwisho, jua adui wa mtaa wako. Mchana ni mwewe na nguchiro. Dar es Salaam, Tanga na Unguja ongeza kunguru weusi wa India, wale walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na wakajifanya wenyeji. Kwa vifaranga na mayai hawana huruma. Usiku ni kicheche, fungo, kanu, paka wasio na mwenyewe, panya na nyoka. Penye miti mingi na udongo wa unyevu kuna siafu, na hao wanaogopesha kuliko wote, maana kuku anayeatamia haachi mayai yake akimbie. Waulize wazee wa mtaa walipoteza kuku kwa nini. Watakupa orodha kamili.

Hatua ya 3: Chagua sakafu

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Kwa uani kuna njia nne.

Ya kwanza ni sakafu ya chini yenye matandazo. Unamwaga zege au kushindilia udongo wa kichuguu, juu yake unatandaza maranda ya mbao au pumba za mpunga kwa unene wa sentimita 8 hadi 10, na mavi yanachanganyika humo. Kuku wenyewe wanayachakura, yanakauka, yanavunjika, na unayatoa mara moja kila baada ya miezi mitatu hadi sita yakiwa mbolea karibu tayari ya mchicha. Maranda yanafyonza unyevu vizuri kuliko pumba za mpunga, ila ukiwa Ifakara au Kyela kwenye mashine za kukoboa kila kona, pumba zitakufaa. Zigeuze mara nyingi zaidi. Unga mwembamba wa msumeno uache. Unatimua vumbi, na kuku wadogo wanaula wakidhani ni chakula.

Mfumo huu wote unategemea ukavu. Kipimo chake ni ngumi. Chota matandazo kiganjani, finya, fungua mkono. Yakibaki donge kama kande iliyopoa, ni mabichi. Toa sehemu hiyo, ongeza makavu. Yakiachana polepole, ni sawasawa. Yakimwagika kama mchanga wa ufukweni, ni makavu mno na kuku watakohoa kwa vumbi. Usipime harufu ukiwa umesimama: pua yako iko mita moja na nusu juu, kuku anaishi kwa chini. Chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kichwa chake, kaa hapo kwa dakika moja. Macho yakianza kuwasha, hiyo ni amonia, na kuku wako anaivuta saa ishirini na nne. Matandazo mabichi ndiyo pia yanayolea vimelea vya kuhara damu, maana vimelea hivyo vinahitaji unyevu ili viweze kuambukiza.

Ya pili ni banda lililoinuliwa lenye sakafu ya chaga. Linasimama juu ya nguzo, na sakafu ni fito au mbao nyembamba zilizopangwa kama chaga za kitanda, zikiachana sentimita 2 hadi 2 na nusu. Mavi yanadondoka chini, kuku hayakanyagi, na kuhara damu kunapungua sana. Ni zuri mahali panapotuama maji, na ni zuri kwa siafu, kwa sababu kila mguu unaweza kuusimamisha ndani ya kopo lenye oili chafu. Hakikisha tu majani na takataka havidondoki humo vikawa daraja. Kosa ninaloliona kila mtaa ni miguu mifupi. Sentimita 30 chini ya banda hazimtoshi mtu mwenye reki. Mavi yanabaki, yanalowa, yanazaa funza, na nzi wanahamia jikoni kwako. Inua angalau sentimita 80, au mita moja kama mbao zinatosha. Kosa la pili ni mwanya mpana kwa tamaa ya kuokoa mbao, kisha mguu wa kuku unazama na kuvunjika.

Ya tatu ni kizimba cha kuhamishika: fremu nyepesi isiyo na sakafu, ya mita 1.2 kwa 2.4 hivi, yenye kuku sita hadi wanane, unayoisogeza kila siku moja au mbili kwenye nyasi mpya. Mavi yanabaki shambani, kazi imekwisha. Ni njia ninayoipenda kuliko zote na karibu kila anayeniuliza hawezi kuitumia, kwa sababu inataka uwanja tambarare wenye nyasi za kutosha wiki mbili bila kurudia pale pale. Kwenye mchanga mtupu wa Mbagala itakuwa mzaha. Na kwa kuwa haina sakafu, nguchiro akichimba kidogo ameingia.

Ya nne ni vizimba vya waya vya ngazi, wengi tunaita keji. Vinabana kuku wengi mahali padogo, na mayai yanabingirika mbele yenyewe. Kwa uani sivipendi. Kuku haogi vumbi, hachakuri, haatamii, na ukikosa umeme au maji siku moja huna akiba yoyote ya makosa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku keji tupu za namna hiyo kuanzia mwaka 2012. Kwa kuku ishirini wa familia sioni sababu ya kuingia huko.

Kwa watu wengi ninaowashauri jibu linaangukia kwenye matandazo juu ya zege, na uwanja mdogo wenye wigo mbele yake. Maji yakituama au siafu wakiwa wengi, chaga. Kuku chini ya kumi na nyasi za kutosha, kizimba cha kuhamishika.

Hatua ya 4: Vipimo vitoke kwenye bati

Mafundi wengi hupima banda kwanza, kisha wanakata mabati yaendane nalo, na vipande vinavyobaki vinakuwa milango ya choo cha mtu mwingine. Geuza. Bati la kawaida la mita 3, ukishapandanisha kingo, linafunika upana wa sentimita 75 hivi. Mabati matano yanafunika mita 3.75. Ukiacha sentimita 37 kila upande, unapata banda lenye urefu wa mita 3. Kwa kina weka mita 1.8, paa la mteremko mmoja, mbele likiwa na kimo cha mita 2.1 na nyuma mita 1.7. Bati la mita 3 likilala kwenye mteremko huo linatoka nje karibu sentimita 65 mbele na nusu mita nyuma, bila kukata hata kipande.

Mita 3 kwa 1.8 ni mita za mraba 5.4, yaani kuku 27 kwa kipimo cha watano watano. Mimi naweka ishirini na wawili na nafasi inayobaki nailalia usingizi.

Kimo cha mita 2.1 mbele si anasa. Ukiinama kila siku kuokota mayai, baada ya mwezi utaanza kumtuma mtoto. Baada ya miezi mitatu mtoto atakataa. Baada ya hapo banda halisafishwi. Banda uingie umesimama.

Upande mrefu wa juu uelekee kaskazini, ulioshuka uelekee kusini kunakotoka kusi. Bati geji 28 linadumu kuliko geji 30, lakini kwa banda la nyumbani geji 30 si dhambi. Chini ya bati, kama mkoba unaruhusu, tandika makuti au mikeka chakavu: mchana wa Februari utaona tofauti kwenye ulimi wa kuku. Makuti matupu bila bati yanapoza vizuri zaidi, ila panya na nyoka wanayapenda, na baada ya miaka michache yanataka kuezekwa upya.

Sakafu ya zege inue sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi ya nje. Mchanganyiko wa moja kwa tatu kwa sita, simenti, mchanga na kokoto, unene wa sentimita 6, unatosha kwa miguu ya kuku na toroli. Kwa eneo hili mifuko mitatu ya simenti inamaliza zege na niru ya juu. Mpe fundi amri moja: sakafu ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mlangoni, ili siku ya kuosha maji yatoke yenyewe.

Nguzo zinaweza kuwa mirunda ya mikaratusi. Toa magome yote, kausha, na paka oili chafu sehemu itakayozama ardhini, maana mchwa hawana adabu. Mabanzi ya kiwanda cha mbao ni rahisi na yanafaa kwa pande fupi, lakini nayo yatoe magome: utitiri hujificha humo mchana, usiku unatoka kunyonya damu.

Hatua ya 5: Kuta fupi, wavu mgumu

Fundi wangu wa banda la pili, mzee mwenye mikono ya dhahabu, alitaka kuziba kuta mpaka juu.

“Bosi, baridi itawaua.”

“Fundi, kuku amevaa koti. Mimi na wewe ndio tuko na shati.”

Alicheka, akajenga ninavyotaka, ila nina hakika aliwasimulia wenzake.

Ukuta wa kaskazini usizidi sentimita 60. Wa kusini upandishe hadi 90, na uwe na turubai la kukunja juu yake la kupandisha siku za mvua ya kusi. Lifunge chini, usilifunge juu: unapoziba ulipandishe kutoka chini kwenda juu, ili hewa ya juu ipite hata siku ya dhoruba. Pande za mashariki na magharibi ziba kwa mabanzi au tofali. Kwingine kote ni wavu.

Kwenye wavu ndiko pesa iende. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita, tunaouita wavu wa kuku, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia anayetaka kuingia. Mbwa mwenye njaa anaurarua, kicheche anaufumua kwenye kiungo, panya na nyoka wachanga wanapita bila kugusa. Tumia wavu wa nyaya zilizochomelewa, matundu ya nusu inchi, angalau mita moja ya chini. Juu ya hapo unaweza kubana matumizi. Kama pesa haitoshi wavu mgumu kuzunguka banda zima, punguza idadi ya kuku, usipunguze wavu.

Wavu usiishie kwenye uso wa ardhi. Pale ambapo ukuta hauna msingi, na kuzunguka wigo wa uwanja, uzike sentimita 30, au ulaze kwa nje kama upindo wa kanga, sentimita 40, ukaufunike kwa mawe na udongo. Mnyama anayechimba huanzia miguuni pa wigo. Akikuta waya chini ya kucha, hajui arudi nyuma hatua mbili achimbie huko. Uwanja wenyewe, kama una vifaranga na kunguru, ufunike juu hata kwa nyavu chakavu za wavuvi.

Uwanja uwe na ukubwa gani? Kwa mita 2 za mraba kwa kila kuku, nyasi zitakwisha ndani ya wiki chache na patakuwa vumbi. Ukiweza, gawa mara mbili, wawe upande mmoja wakati mwingine unapumzika. Usipoweza, kubali vumbi, na wakati wa mvua mwaga maranda humo pasije pakawa tope.

Hatua ya 6: Ndani

Kuku ana asili ya kulala juu ya mti. Usipompa mti atalala kwenye kitagio, atanye humo, na kila yai litatoka limepakwa. Fito za kulalia ziwe na unene wa sentimita 4 hadi 5, za mviringo au mbao ya mbili kwa mbili iliyolainishwa kingo. Kila kuku anataka sentimita 20. Kwa kuku ishirini na wawili ni mita 4.4, kwa hiyo fito mbili zinazovuka banda zima zinatosha na kubaki. Ziwe usawa mmoja, sentimita 60 kutoka chini, zikiachana 35. Ukizipanga kwa ngazi wote watagombea ya juu. Zisipigiliwe misumari, zikae kwenye vishikio, uweze kuzitoa na kuzichoma jua. Asubuhi mara moja kwa wiki pitisha kitambaa cheupe chini ya ufito. Kikiwa na madoa mekundu, utitiri umeingia, na utakuwa umeujua kabla kuku hajakonda.

Karibu nusu ya mavi ya siku nzima hudondoka usiku, chini ya fito hizo hizo. Hapo weka ubao au gunia la plastiki lililotandazwa, ukusanye kila asubuhi. Kazi ya dakika tatu, na matandazo yanadumu karibu mara mbili.

Vitagio: kimoja kwa kuku wanne au watano, sentimita 30 kwa 30, kimo 35, kona yenye giza, chini kuliko fito za kulalia. Ndoo chakavu iliyolazwa ubavu nayo inatosha. Funga kibao cha sentimita 10 mlangoni pa kitagio nyasi zisimwagike.

Maji ndiyo yanayoharibu mabanda mengi ya matandazo. Chombo kikikaa chini, kuku anachakura, kinajaa maranda, kinamwagika. Kiinue juu ya tofali mpaka ukingo wake ufike usawa wa mgongo wa kuku. Bora zaidi, kiweke kando karibu na mlango, penye mteremko, juu ya fremu ya wavu ili matone yaanguke mahali pamoja. Chakula nacho kiwe usawa wa mgongo; wanamwaga kidogo sana.

Tairi kuukuu lenye mchanga mkavu na majivu, kona yoyote isiyolowa, ndiyo bafu yao. Wanaoga vumbi, chawa wanapungua.

Kuhusu karai la dawa ya kukanyagia mlangoni: kwa mfugaji wa uani nimeona makarai mengi yaliyojaa maji machafu yenye viluwiluwi. Weka kandambili za bandani, zivaliwe humo tu, na mgeni anayetoka kwenye kuku wake asiingie kwako. Na banda halizuii ugonjwa wa kideri (Newcastle). Chanjo ya matone ya jicho kila miezi mitatu, tarehe ukaiandike kwa mkaa kwenye ukuta wa ndani, inafanya kazi ambayo tofali hazifanyi.

Hatua ya 7: Mlango na kufuli

Mlango upana wa sentimita 75, toroli ipite. Ufunguke kwa nje, vinginevyo matandazo yatauzuia. Weka kizingiti cha ubao wa kuchomoa, sentimita 15, ili maranda yasimwagike na siku ya kuosha maji yapite.

Sasa angalia bawaba na komeo zenyewe. Kibaka hahangaiki na kufuli lako; anakuja na bisibisi, anafungua skrubu nne za komeo, kufuli linabaki limening'inia likiwa limefungwa vizuri kabisa. Tumia boliti zinazotoboa mbao mpaka upande wa pili, nati zikiwa ndani. Gharama yake haifiki bei ya kuku mmoja.

Hatua ya 8: Lijaribu kabla hujalipa malipo ya mwisho

Ingia ndani saa sita mchana, funga mlango, zima simu, zunguka ukitafuta mwanga. Kila tundu linalopitisha kidole gumba linapitisha panya. Kicheche anahitaji kubwa zaidi kidogo tu. Weka alama kwa chaki, fundi azibe ukiwepo. Kisha mwombe mtu amwage ndoo mbili za maji juu ya bati na moja kwa nguvu kwenye ubavu wa kusini, wewe ukiwa ndani, uone yanakopenya. Mwaga ndoo ya mwisho sakafuni: kama haikutoka yenyewe mlangoni, mteremko haupo, na huo ndio wakati wa kusema, kabla hela haijabadilisha mfuko.

Zege likae wiki nzima likimwagiwa maji, kisha likauke kabisa ndipo utandaze maranda. Kuku waingize jioni giza likianza, uwaweke mmoja mmoja juu ya fito kwa mkono. Wafungie humo siku nne au tano na chakula na maji, halafu fungua mlango wa uwanjani alasiri, saa kumi na moja hivi. Watatoka wakichungulia, wachakure kidogo, na giza likiingia warudi. Wawili watatu watasahau na kupanda mwembe. Washushe kwa tochi, warudishe kwenye ufito, na kesho yake uwahesabu tena.